Aliyebaki Rabai: Maisha ya Kasisi Johannes Rebmann (1820–1876)



Kila jubilei huja na hesabu zake. Katika kurasa nyingine za kijitabu hiki utasoma miaka ya kwaya yetu, viongozi waliopita, mashindano tuliyoshiriki na safari za injili tulizofanya. Hizo zote ni baraka na tunamshukuru Mungu kwa kila moja. Lakini tulipokaa kukipanga kijitabu, wazee wa kwaya walitukumbusha kwamba ilikuwapo miaka ambayo Jumapili nyingi walisimama mbele ya kanisa watu watano tu, na besi hakuna. Miaka hiyo haina picha wala kombe. Tukaulizana kama nayo iingie katika hesabu.

Swali hilo ndilo lililotufanya tuchague kueleza hapa maisha ya Kasisi Johannes Rebmann, mmoja wa watu wa kwanza kabisa wa Kanisa la Kianglikana katika nchi yetu. Shuleni tulifundishwa habari zake kwa sentensi moja: ni Mzungu wa kwanza kuleta habari za theluji ya Kilimanjaro. Mlima huo aliuona mwaka 1848. Baada ya hapo alikaa miaka mingine 27 Rabai, na miaka hiyo haisimuliwi sana. Sisi tumeona ndiyo yenye somo kwa waimbaji.

KABURI LILILOTANGULIA KANISA

Tuanze kabla Rebmann hajafika. Mwaka 1844 Dakta Johann Ludwig Krapf, Mjerumani aliyetumwa na chama cha misheni cha CMS cha Uingereza, aliingia Mombasa pamoja na mkewe Rosina. Alikuwa na barua ya Sayyid Said, mtawala wa Zanzibar, ya kumtambulisha kwa wakuu wa pwani. Rosina alikuwa mjamzito. Mwezi wa Julai alijifungua mtoto wa kike, na homa ikaingia nyumbani. Tarehe 13 Julai Rosina alifariki, na siku chache tu baadaye kitoto chake kikamfuata.

Rosina alikuwa ameomba asizikwe kisiwani bali ng'ambo, upande wa bara, ili watu wa bara wapitao njia hiyo walione kaburi na kukumbuka ni habari gani iliyowaleta yeye na mumewe. Alizikwa huko Mkomani, na mahali pake panajulikana mpaka leo.

Hivyo ndivyo kanisa letu lilivyoanza. Hapakuwa na jengo, hapakuwa na shule, na hapakuwa na mwenyeji hata mmoja aliyebatizwa na misheni hiyo. Palikuwa na kaburi la mama na mtoto, na mwanamume mmoja mgonjwa aliyebaki peke yake na kazi yake ya kutafsiri Maandiko. Krapf alingoja karibu miaka miwili kabla ya kupata mwenzake.

KIJANA WA GERLINGEN

Mwenzake huyo ndiye Rebmann. Alizaliwa tarehe 16 Januari 1820 katika kijiji cha Gerlingen, karibu na mji wa Stuttgart, kusini mwa Ujerumani. Ni nchi ya wakulima na mashamba ya mizabibu, na watu wake wengi walikuwa Wakristo wa kusoma Biblia nyumbani na kukusanyika jioni kwa sala. Huko ndiko alikopata hamu ya kwenda mbali kuhubiri.

Alisoma katika chuo cha misheni cha Basel, Uswisi. Siku hizo CMS ya Uingereza ilipata Waingereza wachache waliokuwa tayari kwenda nchi za homa, kwa hiyo iliwachukua vijana wengi waliofundishwa Basel. Rebmann alipelekwa katika chuo cha CMS huko Islington, London, na mwaka 1845 akawekewa mikono. Alifika Mombasa tarehe 10 Juni 1846, kijana wa miaka 26.

Homa haikumngojea. Yeye na Krapf walikuwa bado wadhaifu walipopanda kwenda Rabai Mpya, tarehe 25 Agosti 1846, kuanza kituo cha kwanza cha misheni yao. Wazee wa Rabai walikuwa wamekubali kuwapokea. Hilo nalo tusilipite haraka. Watu wa kaya, waliokuwa na mila zao, viapo vyao na mahali pao patakatifu, waliwapa nafasi wageni wawili wagonjwa ambao hawakuwajua, wajenge katika nchi yao. Bila ukarimu huo wa wazee wa Rabai hakuna historia ya kusimulia.

Walijenga nyumba, wakatenga mahali pa ibada, wakaanza kuwaalika watu siku ya Jumapili. Wachache walikuja, baadhi kwa udadisi na baadhi kwa heshima. Walisikiliza, wakauliza maswali, kisha wakarudi mashambani na kwenye mambo yao. Ndivyo ilivyokuwa Jumapili ile, na ndivyo ilivyoendelea kuwa kwa miaka.

MLIMA MWEUPE

Mwanzoni Rebmann alikuwa mtu wa safari. Mwaka 1847 alikwenda hadi Kasigau katika nchi ya Wataita. Tarehe 27 Aprili 1848 aliondoka Rabai kwenda nchi ya Wachaga, akiwa na kiongozi wa njia aliyeitwa Bwana Kheri na wapagazi wachache. Hakwenda na jeshi wala bunduki nyingi. Kitu kinachokumbukwa sana katika mizigo yake ni mwavuli.

Asubuhi ya tarehe 11 Mei aliona kilele cha mlima mkubwa, na juu yake kitu cheupe. Alimwuliza kiongozi wake ni nini. Bwana Kheri hakuwa na jina lake, ila alijua kuwa ni baridi. Rebmann, aliyekulia katika nchi ya majira ya baridi, alielewa mara moja kuwa ni theluji. Siku hiyo alikaa chini akasoma Zaburi ya 111, zaburi inayosifu matendo makuu ya Bwana. Waimbaji wenzetu watakaokuwa na Biblia mkononi leo wanaweza kuifungua na kuisoma wakiwa na picha hiyo akilini: kijana mmoja katikati ya nyika, na mlima mbele yake.

Habari hiyo ilichapishwa London mwaka 1849, na wengi wakaikataa. Mtaalamu mmoja wa jiografia, William Desborough Cooley, aliyekuwa ameandika mengi juu ya bara hili akiwa Uingereza, alishikilia kwamba theluji karibu na ikweta haiwezekani, na kwamba mmisionari yule alidanganywa na macho yake. Ilipita zaidi ya miaka kumi kabla ya msafiri wa Kijerumani, Baron Karl Klaus von der Decken, kuupanda mlima kiasi, mwaka 1861 na tena 1862, na kuthibitisha kwamba Rebmann alisema kweli. Muda mwingi wa miaka hiyo Rebmann alikuwa akiendelea na kazi yake, huku mabwana wa mbali wakibishana kama ana akili timamu.

Alikwenda Uchagani mara tatu. Safari ya mwisho, mwaka 1849, ilikuwa ya huzuni. Alitumaini kupita huko na kwenda ndani zaidi, mpaka Unyamwezi, lakini Mamkinga, mangi wa Machame, alimnyang'anya mali aliyobeba kwa ajili ya njia. Akarudi Rabai mgonjwa na mikono mitupu.

SHAURI LA KUKAA

Hapo ndipo maisha yake yalipogeuka. Krapf alikuwa mtu wa ndoto kubwa. Aliona katika mawazo yake mnyororo wa vituo vya misheni kutoka Mombasa mpaka pwani ya magharibi ya Afrika, na alitaka safari baada ya safari. Rebmann akaanza kufikiri vingine. Aliona kuwa kupita katika nchi za watu na kuondoka hakuzai kanisa. Kwanza ujue lugha vizuri, ukae na watu, wakujue, ndipo uwe na neno la kuwaambia. Wawili hao walipendana kama ndugu, lakini katika jambo hili hawakukubaliana kabisa.

Ukweli ni kwamba wote wawili walihitajiwa. Bila ndoto ya Krapf pengine misheni isingeanza, na bila ukaidi wa Rebmann ingekuwa imefungwa ndani ya miaka kumi. Maana wengine hawakudumu. Mwaka 1849 walifika Jakob Erhardt na Johannes Wagner, na Wagner alikufa kwa homa kabla mwaka huo haujaisha. Mwaka 1851 walifika wengine. Mmoja wao, Pfefferle, alikufa muda mfupi baadaye, na mwenzake akaiacha kazi. Krapf mwenyewe aliondoka mwaka 1853, afya ikiwa imemshinda. Erhardt aliondoka mwaka 1855. Alibaki Rebmann.

Hakubaki peke yake kabisa. Mwaka 1851 alikuwa amekwenda Misri na kumwoa Emma, mama wa Kiingereza, na wakarudi wote Rabai. Mwaka 1854 walipata mtoto wa kiume, wakamwita Samuel. Mtoto hakuishi. Hawakupata mwingine. Emma alikaa na mumewe Rabai mpaka alipofariki mwaka 1866. Kama Krapf kabla yake, Rebmann naye aliitoa familia yake yote katika ardhi ya pwani yetu.

Wahenga wetu husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Rebmann alikaa miaka 29 na hakuwahi kurudi kwao kupumzika, na jembe lake lilikuwa maneno. Siku nyingi alikuwa chumbani na karatasi zake akikusanya maneno ya Kiswahili na ya Kirabai. Kulikuwa na mtumwa aitwaye Salimini, aliyetekwa katika nchi za Ziwa Nyasa na kuletwa pwani. Rebmann aliketi naye akaandika lugha yake neno kwa neno, mpaka ikawa kamusi nzima ya Kinyasa. Fikiria jambo hilo. Mtu aliyeuzwa kama mzigo, ambaye pwani hapakuwa na aliyetaka kusikia lugha ya kwao, alikuwa mwalimu, na Mzungu akawa mwanafunzi wake. Pia alitafsiri Injili ya Luka kwa Kiswahili.

Kutokana na habari walizokusanya kwa watumwa na wafanyabiashara wa misafara, Erhardt na Rebmann walichora ramani iliyoonyesha bahari moja kubwa ndani ya bara. Ilikuwa na kosa, kwa kuwa maziwa ni zaidi ya moja, lakini ndiyo iliyoamsha hamu ya Waingereza kuwatuma Burton na Speke mwaka 1857. Rebmann alitakiwa aandamane nao. Alikataa, akabaki na kazi yake.

KUNDI DOGO

Je, miaka yote hiyo alipata watu wangapi? Wachache sana. Wa kwanza alikuwa Mringe, mlemavu wa Rabai aliyefundishwa na Krapf na Rebmann, akabatizwa akiwa katika ugonjwa wake wa mwisho mwaka 1851. Huyo ndiye tunda la kwanza la misheni: mtu mgonjwa, asiye na cheo, aliyekufa muda mfupi baada ya ubatizo wake.

Baadaye walikuja Abe Gunja na mwanawe Nyondo. Walipobatizwa baba aliitwa Abraham na mwana Isaac, na majina hayo yalifaa, kwa kuwa walitoka katika njia ya jamaa zao bila kujua waendako. Hakuna aliyekuwa ametangulia kuwaonyesha Mkristo wa Rabai anaishi vipi, anaoa vipi, anazikwa vipi. Wao ndio waliokuwa wa kwanza kulijibu swali hilo kwa maisha yao.

Mwaka 1857 hata kundi hilo dogo lilitawanyika. Wamaasai walishambulia nchi ya nyuma ya Mombasa, na Rebmann na mkewe wakakimbilia Zanzibar. Walikaa huko karibu miaka miwili. Kisha wakarudi na kuanza tena.

Katika miaka ya 1860 walifika vijana wa Kiafrika kutoka Nasik, karibu na Bombay. Hawa walikuwa watoto waliokamatwa kama watumwa, wakaokolewa na manowari za Waingereza baharini, wakalelewa na kusomeshwa Uhindi. Miongoni mwao walikuwa William Jones, Ishmael Semler na George David. Kwa miaka mingi George David alikuwa mkono wa kuume wa kundi la Rabai.

Hatutaki kumchora Rebmann kama malaika. Alikuwa mtu mgumu. Kadiri miaka ilivyopita alipenda chumba chake na kamusi zake kuliko kuzunguka vijijini. Wamisionari vijana waliotumwa kumsaidia walipata taabu kufanya kazi naye, na wakubwa wake London walichoka kusubiri habari za mavuno. Wageni waliopita walimwona kama mzee aliyesahauliwa juu ya kilima. Na tukipima kwa hesabu za kawaida, hawakukosea sana.

MKONO WA NYONDO

Kisha macho yakaanza kumtoka. Mtu aliyeona theluji ya Kilimanjaro kabla ya Wazungu wote akawa haoni hata karatasi aliyoiandika mwenyewe. Mwaka 1873 Sir Bartle Frere, mjumbe wa serikali ya Uingereza aliyekuja Zanzibar kwa ajili ya kukomesha biashara ya watumwa, alitembelea Rabai. Alimkuta mzee karibu kipofu pamoja na Wakristo wachache. Lakini aliona pia kwamba mahali hapo pangefaa kuwa mwanzo wa kitu kikubwa. Mwaka huohuo Sultani Barghash alitia sahihi mkataba wa kufunga soko la watumwa na kukataza kuwasafirisha kwa bahari. Ikawa lazima kupata mahali pa kuwaweka watu waliookolewa.

Mwishoni mwa mwaka 1874 William Salter Price, aliyewalea vijana wale wa Nasik, alifika Mombasa. Mwaka 1875 akaanzisha makazi ya watu waliowekwa huru huko Kisauni, ambayo yaliitwa Freretown kwa jina la Sir Bartle. Kengele yake ndiyo iliyowapa watu wa Mombasa jina la Kengeleni.

Mwaka huo Rebmann alikubali hatimaye kuondoka. Hakuweza kusafiri mwenyewe. Aliyemshika mkono na kumwongoza kutoka Rabai, baharini na mpaka Ulaya, alikuwa Isaac Nyondo. Tunaomba msomaji asimame hapa kidogo. Rebmann alikuja kumwonyesha njia baba yake Nyondo. Miaka 29 baadaye, mwana wa baba huyo ndiye aliyemwonyesha yeye njia, hatua kwa hatua, ngazi kwa ngazi, katika nchi ambayo Nyondo hakuwahi kuikanyaga. Kama kungekuwa na Nyondo mmoja tu kwa miaka yote hiyo, je, tungesema kazi ilikuwa bure?

Rebmann alikwenda kuishi Korntal, karibu na kijiji alichozaliwa, mahali alipokuwa akiishi pia rafiki yake wa zamani Krapf. Hakudumu. Alifariki tarehe 4 Oktoba 1876 akiwa na miaka 56. Injili yake ya Luka ilichapishwa mwaka huo wa kifo chake, na kamusi ya Salimini mwaka uliofuata, ikiwa imetengenezwa na Krapf. Krapf naye alifariki tarehe 26 Novemba 1881, na wote wawili wamelala Korntal.

MAVUNO ASIYOYAONA

Sasa tazama yaliyofuata. Mwezi wa Mei 1885 Askofu James Hannington aliwawekea mikono William Jones na Ishmael Semler huko Freretown, wakawa Waafrika wa kwanza kuingia katika huduma hiyo kutoka misheni ya CMS ya pwani yetu. Hannington aliuawa Busoga mwezi wa Oktoba mwaka huohuo, na William Jones ndiye aliyeurudisha msafara uliobaki mpaka Rabai. Jones huyo alikuwa kiongozi wa kanisa la Rabai wakati mamia ya watumwa waliotoroka walipokimbilia huko kutafuta usalama. Mabwana wao waliwadai. Tarehe 1 Januari 1889, baada ya fidia kulipwa, watoro zaidi ya 1,000 wa Rabai na wa misheni jirani walipata uhuru wao, na hati zilitolewa hapohapo Rabai. Kanisa la Mtakatifu Paulo lililojengwa mwaka 1887 lilikuwa limejaa watu.

Mahali pale pa Mringe mmoja na Nyondo mmoja palikuwa pamegeuka kuwa kimbilio. Walikimbilia Rabai kwa sababu Rabai ilikuwapo. Na ilikuwapo kwa sababu, katika miaka ambayo kila mwenye akili angeifunga, kulikuwa na mtu mmoja mkaidi aliyekataa kuondoka, na jamaa chache za Warabai waliokataa kumwacha.

Rebmann hakuyaona hayo, na hata kama angaliishi asingaliyaona kwa macho. Alikwenda kaburini akijua kwamba ameacha kundi dogo, na mke na mtoto waliotangulia.

Leo ukifika Rabai utaona nyumba za Krapf na Rebmann bado zimesimama, na makumbusho karibu na kanisa. Ukienda Mkomani utaliona kaburi la Rosina. Watu huja na kupiga picha. Lakini makaburi mengi ya Wakristo wa kwanza wa pwani yetu hayatembelewi na wageni. Wamelala humo watu waliookolewa baharini wasiojua hata kijiji walichozaliwa, na wenyeji waliokuwa wa kwanza kuzikwa kwa sala za Kikristo katika jamaa zao. Wao pia ni wa hesabu hii.

KWA WAIMBAJI

Tumeeleza maisha haya kwa urefu kwa sababu kwaya huishi kwa kusikika, na anayesikika hupata shida kuiheshimu miaka ya kimya. Tunapofurahia jubilei, tunajaribiwa kudhani kwamba kwaya ilianza siku tulipopata kinanda kizuri na sare mpya. La. Ilibebwa mpaka hapo na wale watano waliokuja mazoezini wakati wa mvua, wakafungua mlango, wakaimba sauti tatu kwa kuwa ya nne haikuwapo, wakafunga mlango, na juma lililofuata wakarudi. Wengine wao hawakuwa na sauti nzuri. Walikuwapo tu, na kwa kuwa walikuwapo, kijana aliyeingia mwaka uliofuata alikuta kwaya ya kuingia.

Kwa hiyo kamati ya jubilei imeazimia mambo mawili. La kwanza, katika ukurasa wa mwisho wa kijitabu hiki, orodha ya waimbaji waliolala inawataja wote tuliowakumbuka, hata aliyeimba nasi mwaka mmoja tu. Kama kuna jina tulilolisahau, tafadhali mwone katibu wa kwaya liongezwe. La pili, baada ya sherehe hizi tutakwenda siku moja kufyeka na kusafisha makaburi ya kanisa letu, waimbaji wote, wakubwa kwa wadogo, na tukimaliza tutaimba hapohapo. Hakutakuwa na spika wala kamera. Njoo na panga, na nyimbo zako.

Na kwako mwimbaji ambaye mwaka huu umeona kwaya yenu imepungua, ukajiuliza kama kuna haja ya kuendelea kuja siku ya mazoezi: mkumbuke mzee wa Rabai na watu wake wachache. Mungu aliyewatunza wao akutunze na wewe.

Jubilei njema, na Bwana awabariki nyote.